Sailensa ya Mzee Mugo

Bedan Mugo sikumpenda, na sioni kwa nini nianze kwa kujifanya nilimpenda. Kwa miaka kumi na minne alipita mbele ya duka langu hapa Huruma kila asubuhi, shati limechomekwa, kalamu nyekundu mfukoni, na kila asubuhi alikuwa na la kumsahihisha mtu katika usemi wake. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa ghala moja kule Industrial Area. Kazi yake ilikuwa kuandika mzigo ulioingia na mzigo uliotoka. Ukimsikiliza ungedhani aliandika katiba.

Siku niliyofungua duka, mchoraji alikuwa hata hajakunja ngazi na rangi ya kibao haijakauka. Kibao kilisema SPEA ZA PIKIPIKI KWA KHAVERE. Mugo alisimama, akakisoma mara mbili, akacheka kwa pua. Akanieleza mbele ya wateja wangu wawili wa kwanza kwamba spea si neno, neno ni vipuri, na kwamba mtu asiyejua jina la kitu hapaswi kukiuza. Wale wateja wakacheka naye. Mimi pia nilitabasamu, maana ilikuwa siku ya kwanza na sikutaka ugomvi, lakini niliweka moyoni.

Huyo ndiye Mugo. Notisi ya maji ikibandikwa kwenye ngazi za ploti, lile jengo lao la kupanga, anashuka na ile kalamu kuisahihisha kabla hajauliza maji yatarudi lini. Kwenye mazishi ya Maingi, jirani yake wa mlango wa pili, alisimama wakati wa rambirambi. Tukanyamaza tukidhani ana la kumsifu marehemu. Kumbe alitaka kutujulisha kwamba kwenye karatasi ya programu jina la mwezi limekosewa. Mjane alikuwa amekaa pale mstari wa mbele, leso mkononi. Na yeye mwenyewe Mugo, ulimi wa kwao ukimtangulia, alikuwa akisema kabuleta badala ya kabureta, na hakuna aliyewahi kumkatiza. Watu wengine tumefundishwa adabu.

Kitu kimoja tu duniani hakukikosoa, nacho ni pikipiki yake. Ilikuwa Mjapani mzee wa silinda mbili, aliyoinunua mnadani mwaka aliozaliwa binti yake Jacky. Hizi boda zetu za siku hizi zina silinda moja na kabureta moja, hata mlevi atakurekebishia akiwa amefumba jicho. Ile ya Mugo ilikuwa na kabureta mbili, na hapo ndipo kazi inapoanzia. Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia kwenye injini. Zikiwa mbili, lazima zivute sawa. Moja ikivuta kuliko mwenzake, injini inachechemea, na ukiachilia mkono wa mafuta inazima. Mugo alikuwa na kitabu cha hiyo pikipiki, cha Kiingereza, na hakutaka fundi yeyote wa mtaa aiguse. Mafundi wote aliwaita watu wa nyundo.

Basi Jacky akapendana na mtu wa nyundo. Nilifurahi siku niliyosikia, sifichi. Kijana mwenyewe ni Sylvance Otiende, aliyezaliwa hapa hapa Huruma, na banda lake la kutengeneza pikipiki limeegemea ukuta wa duka langu. Ni mtu mrefu, mpole kupita kiasi, wa kukuomba radhi wewe ukimkanyaga. Boda iliyombeba Jacky ilipata pancha mbele ya banda lake, naye akamletea stuli akae. Mambo yakaanza hapo.

Siku wazee wa Sylvance walipokuja kwa akina Mugo kujitambulisha, nilikuwepo jikoni nikimsaidia Mama Jacky kupakua. Mjomba wa Sylvance, mzee wa heshima aliyesafiri usiku kucha kutoka Ugenya, alisimama kusema yeye ni nani na wanatoka wapi. Akasema wana samba kubwa kando ya mto. Kwao ile shi huwa inatoka si, kila mtu Nairobi anajua na hakuna anayejali. Mugo aliweka kijiko chini. "Shamba," akasema. "Samba ni kitu gani?" Na akacheka kwa pua kama alivyonichekea mimi. Wageni wakaacha kula. Yule mzee alikaa bila kumaliza maneno yake, na walipoondoka Jacky aliondoka nao.

Miezi minane baba na binti hawakusemezana. Harusi ikapangwa bila yeye. Halafu wiki mbili kabla ya siku yenyewe Jacky akampigia mama yake na kumpa ujumbe, nao Mama Jacky akaniletea dukani kabla hata hajamfikishia mumewe. Bibi harusi atatokea nyumbani kama desturi, gari litakwenda mwendo wa miguu hadi kanisani, na wanawake watatembea mbele wakiimba. Baba anaweza kutangulia na pikipiki yake. Helmeti iwe kichwani. Maikrofoni asiguse. Ikiwa pikipiki haitaweza, mjomba Kimani atatangulia na yake, na baba atakaa kwenye hema na wageni wengine.

Nilimsifu yule msichana. Alikuwa amemtafutia baba yake kazi ya heshima isiyohitaji mdomo. Mugo naye alielewa vizuri kwamba huo ndio mlango pekee aliofunguliwa. Mama Jacky alisema aliukubali ujumbe bila kubadilisha neno hata moja, jambo ambalo nyumbani kwao halijawahi kutokea.

Taabu ni kwamba pikipiki ilikuwa imelala miezi hiyo yote minane chini ya ngazi, petroli ikikauka ndani ya kabureta. Mugo aliihangaikia na kitabu chake kwa siku kadhaa. Iliwaka, ndiyo, ila ukiikimbiza tu. Ukitaka iende polepole, inatetemeka, inakohoa na kufa. Na mwendo wa wanawake wanaoimba ni polepole. Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, aliisukuma mwenyewe hadi kwenye banda la Sylvance, kwa sababu Huruma nzima hapakuwa na mwingine anayejua kabureta mbili. Nilimwona akija na nikatoa kiti changu nje, karibu na ukuta. Ukuta wetu ni bati tupu, husikii tu maneno, unasikia hadi mtu akimeza mate.

Sylvance aliiwasha, akaisikiliza. Akalowesha kidole akagusa bomba moja la moshi, halafu la pili. La kushoto lilikuwa la moto. La kulia ungeweza kulishika na kulala nalo.

"Mzee, hapa shida ni sailensa," akasema. "Haikai. Tukiishughulikia sailensa, Jumamosi utatembea nayo pole pole mpaka kwa mlango wa kanisa."

Sasa, kwa fundi yeyote kuanzia Kariokor hadi Dandora, sailensa ni ile injini kunguruma yenyewe taratibu, pikipiki imesimama, hujagusa mafuta. Sailensa ikiwa juu, inapiga kelele bure. Ikiwa chini, inazima. Ikikaa, imekaa. Jina hilo lilitoka wapi hakuna anayejua, na hakuna pikipiki iliyowahi kukataa kupona kwa sababu hiyo. Lakini kwenye kile kitabu cha Kiingereza cha Mugo, silencer ni bomba la moshi, lile sisi tunaloita ekzosi.

Mtu mwingine angeuliza. Mugo hakuwa ameuliza maana ya neno tangu aache shule. Aliinama, akaona zile ekzosi zake zina kutu, na nikamsikia akicheka kwa pua. Akamwambia Sylvance kwamba ikiwa tatizo ni hilo tu, hiyo si kazi ya kumwachia mtu, atazifunga mwenyewe. Sylvance akajaribu kusema kitu, lakini Mugo alikuwa ameshaigeuza pikipiki. Akaja moja kwa moja kwangu na kuagiza silencer mbili.

Nilijua. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya. Maneno yalikuwa mdomoni: mzee, sailensa ya fundi si hii. Yasingechukua muda wa kuvuta pumzi moja. Nikamtazama pale, na kalamu yake mfukoni, na akili yake yote iliyomtosha peke yake, nikapanda stuli. Nikamshushia zile ekzosi fupi za kung'aa ambazo vijana hununua ili mtaa mzima ujue wanapita. Akauliza kama hizi ndizo. Nikamwambia hizi ndizo. Akazifungua zake kuukuu pale pale mlangoni, akaondoka na mpya, nikabaki na zile nyuma ya kaunta, nikiwa na furaha isiyonistahili.

Ijumaa asubuhi Huruma yote iliamka naye. Ile pikipiki ilinguruma, ikapiga risasi mbili, ikazima. Ikanguruma tena. Ekzosi wazi namna ile zilikuwa zimeharibu hata kile kidogo kilichokuwa kikifanya kazi. Watu walitoka roshanini na miswaki mdomoni kuona nani anapigwa. Mimi nilicheka hadi nikalazimika kuweka kikombe cha chai chini. Nikasema moyoni leo ndiyo leo, leo kamusi imempigia magoti mtu wa nyundo.

Saa sita hivi alifika kwenye banda akiisukuma, jasho limelowesha kola. Sylvance hakuwa akifanya kazi. Alikuwa amekaa nje kwenye stuli na shati jeupe, mikono amenyoosha mbele juani. Tangu Jumatano alikuwa akiisugua kwa sukari, sabuni ya vyombo, limau na brashi ya nguo, kwa sababu Jacky alitaka picha moja tu ya kuweka ukutani: mikono miwili, pete mbili, karibu kabisa. Miaka kumi ya oili ilikuwa imetoka chini ya kucha zake. Dakika chache kabla alikuwa amekuja kunionyesha. "Cheki, Mama Spea," akaniambia, "mikono ya karani."

Mugo hakumsalimu. Alimwambia kwamba amemdanganya, kwamba alimwambia silencer na yeye akabadilisha silencer, na sasa ni mbaya kuliko mwanzo. Kama fundi ameamua kumkosesha harusi ya binti yake, aseme wazi. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Sikuwahi kuisikia hivyo, na sikucheka tena.

Sylvance alizitazama zile ekzosi mpya. Halafu akanitazama mimi mlangoni.

"Mama Spea, ni wewe ulimuuzia hizi?"

Nikasema mteja ameagiza silencer, nimempa silencer.

"Na ulinisikia nikimwambia."

Hakuuliza, alisema tu. Mugo alinigeukia, akanitazama kwa muda, na nikaona akili yake ikipanga mambo moja baada ya jingine kama alivyokuwa akipanga mizigo yake. Sylvance alivua lile shati jeupe, akalitundika kwenye msumari, akachukua spana. Mimi nikaenda nyuma ya kaunta nikazileta zile ekzosi kuukuu na kuziweka chini. Hakuna aliyenishukuru, na walifanya vyema.

Nilikaa mlangoni nikatazama kazi yote, maana kurudi ndani ningeonekana ninakimbia. Alifungua zile ekzosi na kurudisha za zamani, masizi yakimwagika hadi kwenye viwiko. Akatoa kabureta zote mbili, akazifungua, akazibua vitundu vyake vidogo kwa uzi mmoja wa waya alioutoa kwenye kebo ya breki, akaviosha kwa petroli. Petroli ndiyo mbaya zaidi. Ngozi iliyosuguliwa siku mbili inakunywa uchafu wote inapokutana nayo. Niliona kucha zikigeuka nyeusi moja moja, na naye alikuwa anaziona.

Alipozirudisha alitoa tangi, akampa Mugo chupa ya petroli yenye mpira aishike juu, ili injini inywe kutoka humo. Mugo aliishika kwa mikono miwili. Halafu Sylvance akaleta kipande cha ubao kilichofungwa mrija wa dripu, umepinda chini, na ndani una oili kidogo. Ncha moja akaichomeka kwenye kabureta ya kushoto, ya pili kwenye ya kulia. Akawasha.

"Tazama oili, mzee," akasema. "Itakimbilia ile inayovuta zaidi."

Oili ikapanda upande mmoja hadi karibu kumezwa. Sylvance akapitisha bisibisi ndefu katikati ya kabureta, pale penye skrubu inayoziunganisha, akaizungusha kidogo sana. Oili ikashuka. Akaizungusha tena, ikapita upande wa pili, akairudisha. Mugo alikuwa ameinama hadi kipaji cha uso wake karibu kiguse ubao, chupa bado iko juu. Pande zote mbili zikasimama sawa, na mtetemeko wa ile pikipiki ukaisha. Sylvance akamalizia na skrubu za hewa, moja baada ya nyingine, halafu akateremsha mwendo wa injini, akauteremsha tena, hadi ikawa inapumua tu. Nilitega masikio nikingoja izime na haikuzima.

"Sasa hii ndiyo sailensa," akasema Sylvance.

Niliona midomo ya Mugo ikifunguka. Nikasubiri lile sahihisho, na nikiri nililitaka, kwa sababu angelitoa ningerudi kumdharau kwa amani. Aliinamisha kichwa akaisikiliza.

"Hii?" akauliza.

"Hii."

Sylvance alishinda kwenye beseni hadi jioni. Sukari iliisha, limau zikaisha, na mikono ikabaki mikono ya fundi.

Jumamosi nilivaa kitenge changu kipya na nikatembea na wanawake. Mbele yetu Mugo, suti ya kijivu na helmeti kichwani, alikwenda mwendo wa mtu anayebeba uji uliojaa. Njia nzima kutoka kwenye ploti hadi kanisani pikipiki ile haikutuzidi sauti hata mara moja, wala haikukohoa. Nilitafuta kosa nikalikosa. Kanisani aliketi mstari wa tatu na helmeti yake kichwani, kwa kuwa binti hakusema aivue wapi, na nilikuwa nimechoka hata kumcheka.

Pete zilipovishwa nilimwona Jacky akiitazama mikono ya mumewe. Nje, mpiga picha akawataka waiweke pamoja, akaitazama kwenye kamera, akanong'ona kwamba labda wapige tu ya nyuso. Jacky akageuka, akashika gauni lake, akaenda hadi alipokuwa baba yake kando ya pikipiki. Wageni wa pande zote mbili walikuwa pale. Yule mjomba wa Ugenya alikuwa pale. Mimi nilikuwa hatua tatu.

"Baba, ni wewe?" Jacky akasema. "Jana ulimwingiza chini ya hii pikipiki ndiyo leo asimame hapa akikaa kama mtu wa nyundo?"

Sylvance akaanza kusema, Jacky akamzuia kwa mkono. Nilijua swali hilo ni langu. Nilijua hata mahali pa kuanzia, dukani, Alhamisi, juu ya stuli. Badala yake nikajishughulisha na kitenge changu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyokana Mugo akinitaja, na angenitaja tu, maana alikuwa na haki yote na hajawahi kuacha kosa la mtu lipite.

Mugo alivua helmeti.

"Sikujua neno," akasema. "Aliniambia sailensa. Mimi nikadhani ni ekzosi, nikanunua ekzosi. Sikujua, na sikuuliza. Yeye ndiye amerekebisha kosa langu, na mikono yake imechafuka kwa ajili hiyo."

Alisema sailensa kama tunavyoisema sisi. Halafu akamgeukia yule mzee wa Ugenya, akamwambia anamwomba radhi, na kwamba angependa siku moja aalikwe kuliona shamba lile. Yule mzee akamshika mkono. Jacky, machozi yakiharibu rangi ya uso, akachukua helmeti kutoka mkononi mwa baba yake, akamwambia aje asimame kwenye picha. Na ya mikono ikapigwa, kucha nyeusi na zote.

Mugo alinitazama mara moja tu juu ya vichwa vya watu. Alikuwa amelibeba kosa lote na kuondoka nalo, pamoja na fungu langu, na hakuniachia hata mahali pa kukana. Nilimchukia siku hiyo kuliko miaka yote kumi na minne. Niliondoka kabla ya chakula. Jumatatu Jacky alikuja dukani na mumewe kuniletea kipande cha keki, akaniambia asante kwa kutembea nao. Nilikipokea kwa mikono miwili, na sikumwambia.